Nywele Zikiwa Njiani: Lini Nishike Mkasi, Lini Niuweke

Watu wengi niliowaona wakishindwa kurefusha nywele fupi hawakushindwa mwanzoni. Mwanzoni ni raha tupu: kichwa kimenyolewa, na kila ukikipapasa unahisi kuna kilichosogea. Kazi huja miezi kadhaa baadaye, nywele zinapofika ule urefu usio na mtindo. Si fupi tena za kupendeza zenyewe, na bado hazijafika za kushikwa na kibanio. Juu ya masikio zimetanuka, kisogoni zimejaa hadi kwenye kola, mbele zinaingia machoni au zimesimama zinavyotaka. Mtu anajitazama kwenye kioo asubuhi, anapitisha vidole, anakwenda saluni kusema "nipunguzie kidogo," na anatoka na nywele fupi zilezile alizokuwa nazo mwaka jana.

Mimi nilikaa na nywele fupi sehemu kubwa ya utu uzima wangu, kisha nikataka ndefu, na sasa zikivutwa zinafika mabegani. Njiani niligundua kwamba mafuta na vitamini vina nafasi ndogo kuliko tunavyoaminishwa. Jambo lililonishughulisha kuliko yote lilikuwa lini nikate, na nikate kiasi gani.

Shangazi yangu, ambaye amenisuka tangu nikiwa mtoto, ana msimamo wake: "Mwanangu, nywele zisipokatwa hazikui." Nimeusikia usemi huo kwa watu wengi mno, na ndani yake kuna kosa na kuna ukweli, kwa hiyo inafaa kuvitenganisha. Unywele ulioko nje ya ngozi hauna uhai. Ni protini ngumu iitwayo keratini, ileile inayofanya kucha, na kukua kwake kunatokea chini, ndani ya ngozi ya kichwa, kwenye kishimo chenye mzizi wake. Ukikata ncha, mzizi haupati habari. Unaendelea na mzunguko wake: miaka kama 2 hadi 7 ya kukua, wiki chache za kuacha kukua, kisha miezi kama 3 ya kupumzika, halafu unywele ule unadondoka na mwingine unaanza mahali pake. Mkasi hauharakishi chochote katika hayo.

Upande wa ukweli ni huu. Ncha zikiharibika hukatika zenyewe, kidogo kidogo, bila kukuomba ruhusa. Mzizi unaota, ncha inakatika, na wewe unaona nywele zimegoma. Ncha mbovu zikiondolewa, kile kinachoota kinabaki kichwani, na baada ya mwaka urefu unaonekana kweli. Shangazi ameona hayo kwenye vichwa vya watoto wa ukoo mzima. Nilipolielewa niliacha kubishana naye, kwa sababu mikono yake inafanya jambo sahihi, ila sababu anayoitoa ndiyo iko upande mwingine.

Sasa hesabu, ambayo naona ndiyo inayowaangusha wengi. Kwa wastani nywele za kichwani huota kati ya sentimita 1 na 1.25 kwa mwezi. Nywele zilizojisokota sana mara nyingi huota chini kidogo ya hapo. Chukua sentimita 1 ili tusijidanganye. Ukienda saluni kila baada ya miezi 2, na kila ukienda zikaondolewa sentimita 2, umebaki palepale. Umelipia, umetunza, umepaka, umefunga kitambaa usiku, na kwa hesabu hujasogea hata chembe. Zikiondolewa sentimita 2 na nusu, zinafupika mwaka mzima huku zikiota vizuri kabisa.

Ule ushauri wa kukata kila baada ya wiki 6 au 8 una chimbuko lake, na si ushauri mbaya. Ni wa mtu mwenye mtindo mfupi anayetaka ubaki ulivyo. Mtindo mfupi hupoteza umbo upesi, kwa hiyo lazima ukatwe mara kwa mara ili usibadilike. Lakini mtu anayerefusha anataka zibadilike! Akifuata kalenda ya mwenye nywele fupi atabaki na nywele fupi. Hilo lilinifanya nigawe kukata katika mafungu mawili, na tangu hapo maamuzi yamekuwa mepesi. Kuna kukata kwa ajili ya umbo, na kuna kukata kwa ajili ya ncha. Kila fungu lina wakati wake, na mtu akiyachanganya ndipo anapopoteza mwaka.

Nianze na umbo, maana ndilo linalowatesa watu katika ile miezi ya katikati.

Kichwa hakirefuki sawa machoni, hata kama nywele zote zinaota kwa mwendo mmoja. Nywele za chini kisogoni zina njia fupi ya kwenda: zikiota kidogo tu zimeshagusa shingo, zimeshafika kwenye kola, na zinaonekana ndefu. Nywele za utosini zina safari ndefu. Zinatakiwa zishuke kichwa kizima kabla hazijafika kule ambako za kisogoni zilikwishafika tangu zamani. Matokeo yake ni mkia nyuma na kofia juu, na hapo ndipo mtu anaposema nywele zimekaa vibaya, afadhali anyoe. Dawa yake ni kukata kisogoni peke yake. Zile za chini kabisa, karibu na shingo, zinapunguzwa tena na tena, labda kila baada ya miezi 2, huku za utosini, za pembeni na za mbele zikiachwa bila kuguswa. Mtu wa nje anaona kichwa nadhifu. Kwa ndani zile za juu zinapata nafasi ya kuwafikia wenzao. Siku zinapokutana, unaacha kukata chini na zote zinaendelea pamoja.

Kwa nywele za kipilipili jambo hilohilo lipo kwa sura nyingine. Hazining'inii, zinatanuka, kwa hiyo pembeni zinajaa kabla ya juu na kichwa kinakuwa kipana. Hapo ni kupunguza kidogo juu ya masikio na kisogoni ili duara likae, na utosi uachwe urefuke.

Kupata huduma hiyo saluni kunataka maneno yaliyonyooka. Neno "kidogo" halina kipimo. Kwa mteja kidogo ni nusu ya kucha, kwa msusi kidogo ni kiasi cha kuonekana kwamba kazi imefanyika. Nilijizoeza kusema hivi kabla kitambaa hakijafungwa shingoni: "Dada, naomba tukate kisogoni tu, sentimita 1. Juu na pembeni usiguse. Kabla hujakata nionyeshe kwenye chanuo." Anashika fungu la nywele, anasogeza chanuo hadi pale anapokusudia kukata, mimi naangalia kwenye kioo, nakubali au namwomba ashuke. Hakuna msusi mzuri anayechukia kuambiwa hivyo. Niliyempata mwishowe alikuwa na swali moja tu, "Nisikuweke sawa kote?" Kuweka sawa kote ni kushusha kila kitu kifikie zile fupi kuliko zote. Kwa mtu anayerefusha hiyo ni hasara, maana zile fupi ndizo za nyuma ya safari, na ukizifuata unatupa miezi ya zile zilizotangulia. Nilimweleza ninakokwenda, akaelewa, na tangu hapo yeye ndiye anayenizuia ninapotaka kukata bila sababu. Ukipata msusi wa namna hiyo, mshike.

Za mbele sikuzikata kabisa. Zikifika machoni zinabanwa, zinafungwa na bendi ya kitambaa, zinasokotwa twisti mbili ndogo na kulazwa pembeni. Mtu akishakata za mbele kwa sababu zinamkera, anakuwa ameirudisha ile sehemu ambayo huonekana kuliko zote.

Ncha nazo zina habari yao, na hapa umbo halina kauli.

Kila unywele umefunikwa na magamba membamba yaliyopangana kama vigae. Kuchana kwa nguvu, moto wa pasi ya nywele, jua, dawa za kulainisha na za rangi, msuguano wa foronya ya pamba, vyote vinainua magamba hayo na kuyamomonyoa. Yakiisha, nyuzi za ndani hubaki wazi na ncha inapasuka mara mbili, mara nyingine zaidi. Ufa huo ukiachwa hupanda. Hakuna mafuta yanayoushona. Kuna vipodozi vinavyougandisha kwa muda, na ukiosha kichwa umerudi pale pale. Kwa kuwa unywele hauna uhai, hauna namna ya kupona.

Nitajuaje zimefika hapo? Chanuo hunieleza mapema kuliko macho. Likipita vizuri mizizini na katikati, kisha linakwama kwenye sentimita 2 za mwisho kila linapopita, tatizo liko kwenye ncha. Nywele zilizojisokota hujifunga vifundo vidogo, unywele mmoja ukijizungusha wenyewe, na vifundo hivyo vikizidi ncha zinashikana na kuvuta nyingine. Natazama pia ncha za twisti: nywele zikiwa nzima twisti inashuka na unene wake hadi karibu na mwisho, lakini zikiwa zimechoka inakonda mapema na kumalizika kwa kijiuzi kinachofumuka. Ishara nyingine ni vidoa vyeupe kwenye unywele wenyewe, mbali na ngozi. Hapo ni mahali palipopondeka, na ukivuta kidogo utakatika hapohapo.

Kuna jambo moja ambalo watu hulichanganya hadi wanakata bure. Nywele zilizobaki kwenye chanuo hazina maana moja. Okota chache uziangalie. Ukiona unywele mrefu wenye kijivimbe cheupe upande mmoja, huo umedondoka kutoka mzizini baada ya kumaliza muda wake, na kila mtu mwenye afya hupoteza kama 50 hadi 100 kwa siku. Ukiona vipande vifupi visivyo na kijivimbe, hivyo vimekatika. Vya kwanza havihusiani na mkasi hata kidogo. Mtu akifumua nywele alizosuka kwa wiki kadhaa, zile zote zilizokuwa zidondoke kila siku zilikuwa zimenaswa ndani ya msuko, kwa hiyo zinatoka kwa pamoja fungu zima. Anaogopa, anasema nywele zimeharibika, anakata. Zilikuwa salama. Vivyo hivyo baada ya homa kali au kujifungua: miezi 2 au 3 baadaye nywele nyingi hupukutika kwa mara moja, kisha kwa kawaida huota tena. Kukata ncha hakubadilishi lolote, kwa sababu chanzo kiko ndani ya mwili. Na pale panja zinaporudi nyuma kwa kusukwa kwa kukaza, tiba ni kuacha kukaza, mapema, kabla ngozi haijapata makovu yasiyoota kitu. Palipobaki wazi kwa muda mrefu ni pa kuonyesha daktari wa ngozi.

Kioo nacho kina udhaifu wake, hasa kwa sisi wenye nywele za kipilipili. Nywele zinaweza kusinyaa kwa zaidi ya nusu ya urefu wake, kwa hiyo unaweza kuota sentimita 6 na kioo kisionyeshe kitu. Watu wamekata nywele kwa kuamini hazikui, ilhali zilikuwa zinakua kila siku. Ndiyo maana napima. Nina sehemu tatu: mbele juu ya paji, utosini, na kisogoni. Kila baada ya miezi 3 nachukua fungu dogo kila sehemu, nalinyoosha taratibu, naweka utepe wa mshonaji, naandika. Kazi ya dakika chache, na imeniokoa na maamuzi mengi ya huzuni.

Namba zile zinasema mambo ambayo macho hayasemi. Urefu ukiongezeka sentimita 2 na nusu hadi 3 kwa miezi 3, ncha ziko salama, mkasi ukae ndani ya kabati hata kama kalenda inasema vingine. Urefu ukiongezeka kidogo sana au ukabaki ulivyo, huku mizizi ikiota (aliyepaka rangi ataliona hilo wazi, maana mstari wa rangi unazidi kwenda mbali na ngozi), basi kuna kinachokatika kule chini. Hapo ndipo pa kukata. Mara nyingi sehemu moja inasimama na nyingine mbili zinaendelea. Kwangu ilikuwa utosini, palipokuwa pakisuguana na foronya usiku. Nilikata utosini peke yake, nikabadilisha foronya ikawa ya satini, nywele za pembeni zikaachwa ziende zake.

Kiasi cha kukata kinaamuliwa na pale uzima unapoanzia. Ukikata chini ya ufa, umeacha ufa. Lazima mkasi upite juu yake kidogo, kwenye unywele ulio mzima. Kwa mtu anayetazama ncha zake mapema, mara nyingi milimita 5 zinatosha. Aliyeziacha muda mrefu sana anaweza kuhitaji sentimita 3 au 4, na hapo naona afadhali aondoe mara moja kuliko kuzinyofoanyofoa kwa mwaka huku ufa ukipanda. Kama uharibifu umetawanyika, unywele mmoja hapa na mwingine pale, kuna njia ya subira: unakaa penye mwanga mzuri, unasokota fungu dogo hadi ncha zilizopasuka zichomoze pembeni, unazikata hizo moja moja. Urefu wote unabaki. Mimi hupenda kuifanya nikiwa nimetulia, bila haraka ya kwenda popote.

Mkasi wenyewe uwe mkali na uwe wa nywele tu. Mkasi uliokata karatasi na nyuzi unaponda unywele badala ya kuukata, na unywele uliopondwa unapasuka upya mahali palepale. Nywele za kipilipili hukatwa vizuri zikiwa kavu na zimenyooshwa, kwa sababu zikiwa zimesinyaa kila moja inasinyaa kwa namna yake na huwezi kujua unakata wapi. Za mawimbi au zilizonyooka, zikiwa na maji hurefuka, zikikauka zinapanda juu, kwa hiyo anayezikata zikiwa mbichi akate pungufu ya anavyokusudia.

Aliyekuwa na dawa ya kulainisha na sasa anarefusha nywele zake za asili ana swali la ziada, maana pale nywele mpya inapokutana na ile yenye dawa ndipo dhaifu kuliko kote. Rafiki yangu mmoja alikata zote za dawa kwa siku moja akabaki na nywele fupi sana, mwingine alikata polepole kwa zaidi ya mwaka huku akisuka. Wote wawili walifika. Wa pili alilazimika kuwa mpole zaidi na chanuo.

Kuna kanuni niliyojiwekea ambayo naiheshimu kuliko zote: siamui kukata siku ninayofumua, wala siku ambayo nywele ni chafu, wala siku nimechoka. Naosha, naweka kondishena, nachana kuanzia ncha kupanda mizizini, naacha zikauke. Kisha naosha tena wiki inayofuata na kuangalia upya. Mara nyingi kilichoonekana kama ncha mbovu kilikuwa ukavu tu, na kimeondoka. Kilichobaki baada ya kuosha mara ya pili ndicho kinachokatwa.

Nywele zilipokaribia mabega mambo yalibadilika tena. Unywele wa sentimita 30 unaoota sentimita 1 kwa mwezi una ncha yenye umri wa miaka 2 na nusu. Ncha hiyo imeoshwa, imechanwa na kulaliwa mara nyingi sana, na sasa inasuguana na kola na mikanda ya mifuko. Inachoka upesi kuliko zilivyochoka ncha zangu nywele zilipokuwa fupi, kwa sababu wakati ule kichwa kizima kilikuwa na nywele changa. Mwaka wa kwanza nilikata ncha kwa nadra. Sasa natoa kama sentimita 1 kila baada ya miezi 4, kati ya zile 4 zinazokuwa zimeota. Tatu zinabaki, na zinabaki nzima.

Nikifika pale ninapotaka, chini kidogo ya mabega bila kuvuta, nitaanza kukata sentimita zote zinazoota, ili urefu ubaki palepale. Msusi wangu ameshaniambia atanikumbusha.